Mama Mkubwa Hajambo

Jumamosi, 4 Agosti

Spika imemwangukia Mama Mkubwa!

Ngoja nipange kichwa kwanza. Naandika nikiwa bado na nguo nyeusi ya msiba, na kwa haraka mwandiko wangu umefanana na wa Mjomba Nsiah.

Tulikuwa Tafo, kwenye mazishi ya mzee aliyekuwa mweka hazina wa kwaya. Mama Mkubwa Konadu alikuwa katikati ya uwanja akicheza adowa, ngoma yetu ya misibani. Huyu mwanamke nyumbani hasemi kitu. Msemaji ni mama yangu, mdogo wake, naye anafanya kazi Takoradi. Lakini Mama Mkubwa akiingia uwanjani, mikono yake inasema yote. Watu walikuwa wanambandika noti kwenye paji la uso. Nyuma yake spika za kukodisha za Mzee Bempah zilikuwa zimepandana kama ghorofa. Besi ikigonga, ile ya juu kabisa inasogea kidogo. Besi – inasogea. Besi – inasogea. Ungedhani na yenyewe inacheza. Halafu ikamaliza kucheza.

Mguu wa kulia. Kifundoni.

Muziki haukuzimwa! Dijei alitangaza kwamba tumpe pole dada yetu, na kwamba mwenye pikapu nyeupe aiondoe mlangoni. Watu wakakimbia. "Konadu! Umeumia?" Naye amekaa chini, spika bado iko juu ya mguu, anajibu, "Sijambo, sijambo, kwa neema ya Mungu."

Mzee Bempah alifika anahema. Kwanza aliikagua spika. Aliipapasa ubavuni kama ng'ombe aliyeanguka. Ndipo akamgeukia Mama Mkubwa: vipi, dada? Naye: sijambo, mzee, pole na chombo chako.

Alimpa pole yeye!

Kisha mpiga picha wa msiba akasema tusogeane. Tukasogeana. Mama Mkubwa akatabasamu.


Jumapili, 5 Agosti

Hospitali tangu asubuhi. Tumekosa ibada, na Nana ana hasira na sisi, na spika, na mfupa.

Daktari ni kijana, macho mekundu. Aliinua picha ya eksirei dirishani tuone. Mfupa wa kifundo umevunjika, vipande vimeachana. Anataka kumpasua na kuvishika kwa bamba la chuma na skrubu, tena mapema, kabla havijajiunga vibaya. Vikijiunga vibaya, alisema, mama huyu hatakanyaga tena cherehani.

Cherehani ya Mama Mkubwa ni ya kukanyaga kwa mguu. Ndiyo inayotulisha watatu – yeye, Nana na mimi. Ndiyo inayonisomesha. Na gharama ya upasuaji, basi, sitaki hata kuiandika.

Halafu daktari akamuuliza anajisikiaje.

"Sijambo, daktari. Wewe je? Watoto wazima?"

Akaandika! Niliyasoma maandishi yakiwa yamepinduka: mgonjwa anasema hajambo.

Mpaka hapo Nana alikuwa kimya. Nana ni bibi yangu, mama yao hawa, na kimya chake huwa hakidumu. Alisema skrubu ni za viti. Binti yake si kiti. Kesho kutwa tunakwenda kwa mwunga mifupa. Daktari alijaribu kumweleza. Nana alimwuliza kwao ni wapi, na mama yake anajua kwamba hali chakula vizuri?


Jumanne, 7 Agosti

Mwunga mifupa ni mzee mpole anayenukia ugoro. Alikata plasta ya hospitali kwa kisu cha mihogo, akapaka mafuta, akafunga vijiti. Halafu akaagiza kuku. Akamvunja kuku mguu – kwa upole, kama mtu anayefungua barua ya mwenziwe – akampaka mafuta yaleyale, akamfunga vijiti vilevile. Kuku akipona, mgonjwa naye amepona. Kila mtu anajua hivyo.

Mimi nasoma sayansi. Nilitaka kuuliza kama kuna kuku mwingine wa kulinganisha naye. Sikuuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango ni vigumu kuuliza.

Tumerudi na kuku kwenye teksi. Dereva aliuliza mgonjwa ni nani. Nana akasema ni wote wawili, aendeshe polepole.


Ijumaa, 10 Agosti

Nimepata kitabu!

Maktaba, rafu ya chini kabisa, katikati ya ufugaji wa nyuki na kamusi isiyo na jalada. Kinahusu mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake, na jinsi atakavyolinda haki zake. Nadhani aliyekiandika alikuwa amekasirika, maana kila ukurasa una neno "kamwe". Kamwe usitupe ulichovaa siku hiyo. Kamwe usimwambie upande wa pili kwamba uko salama. Kamwe usipokee kitu kabla ya kuonana na wakili. Piga picha. Tafuta mashahidi.

Nilikimaliza nikiwa nimesimama. Mama Mkubwa ana haki! Mzee Bempah hakuzifunga spika zake hata kwa kamba. Bamba la chuma, skrubu na siku zote ambazo cherehani italala, yote hayo ni juu yake. Si juu yetu!

Nikaanza kazi mara moja.

Kiatu alichovaa. Nana amekwisha kukiosha. Fundi amekwisha kukishona. Jirani amekwisha kukiazima na kwenda nacho msibani Obuasi.

Picha. Nimeziona kwa mpiga picha. Ni nzuri mno. Mama Mkubwa anatabasamu, Mzee Bempah anatabasamu, na spika iko katikati yao kama bibi harusi.

Mashahidi. Ninao wengi kupita kiasi. Wote waliona, na wote wanasema kitu kimoja: si spika, ni marehemu. Marehemu alipenda sana kumtazama Konadu akicheza, kwa hiyo alitaka kuondoka naye. Mama mmoja muuza nyanya yuko tayari kuapa mahakamani. Nilimuuliza, uliona spika zimefungwa kamba? Akasema kamba ingemzuia nani, mzimu?

Kitabu hakina sura juu ya kumshtaki marehemu.

Jioni nilikusanya ujasiri nikawasomea wote. Mjomba Nsiah alikuwepo. Ni kaka mkubwa wa mama yangu na Mama Mkubwa, na jambo lolote la ukoo likitaka kusemwa mbele ya watu, yeye ndiye mdomo. Alisikiliza amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Dufie," akasema, "huyu aliyeandika ana ndugu?"

Sijui, mjomba.

"Hana. Mwenye ndugu huwezi kumwambia asiseme hajambo. Mtu amevaa, ametoka kwake, amekuja kukuuliza hali. Wewe unamjibu, 'Mimi si mzima.' Sasa huyo atarudi nyumbani na nini? Usiku huo atakula?"

"Hata kama yeye ndiye aliyekuvunja mguu?"

"Hasa huyo! Huyo tayari ana mawazo yake."

Mama Mkubwa alisema tu kwamba Mzee Bempah ni mzee wa kanisa letu, na kiti chake kiko mbele ya chetu. Akashusha kitambaa chake, akaufunika mguu, kana kwamba mguu ndio uliokosa adabu.


Jumatano, 15 Agosti

Janga! Janga la kisheria!

Nilikuwa natwanga fufu ya mihogo kinuni, Nana anageuza. Kijana wa shati jeupe akaingia, karani wa Mzee Bempah. Amekuja kumjulia hali mama tu, hana zaidi. Nana akampa kiti. Mimi nikampa maji. Akanywa. Sasa baada ya maji kila mtu anajua kinachofuata: mwenyeji anasema huku ni shwari, mgeni ndiye mwenye safari, aeleze yaliyomleta. Hakuna mlango mwingine wa kuingilia mazungumzo. Hata paa likiwa linawaka utasema kwanza huku ni shwari.

Na simu yake ilikuwa gotini imelala chali. Inarekodi! Niliona sekunde zinakimbia kwenye kioo.

"Huku kwetu ni shwari kabisa," Mama Mkubwa akasema kwa sauti yake nzuri ya wageni. "Hakuna baya lolote. Wewe ndiye mwenye njia."

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nana akaniambia kama nina kikohozi nisikohoe juu ya fufu.

"Na mguu, mama?"

"Aa, mguu. Hatujambo, kwa neema ya Mungu."

"Kwa hiyo hakuna baya lolote."

"Baya litoke wapi, mwanangu?"

Na hapo hapo kuku akatokea! Alitoka jikoni na vijiti vyake, akachechemea kidogo, akarukia juu ya kinu, akatutazama kama mwenye nyumba. Karani akainua simu akamfuata kuku.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Nana akasema kwa fahari.

"Naona anaendelea vizuri."

"Huyo? Huyo sasa hata ukimkimbiza humpati!"

Akala fufu yetu. Akasifu supu. Akaenda zake na ushahidi wetu wote mfukoni. Nana amesema kijana yule kalelewa vizuri, na kwa nini mimi nilikaa nimenuna.


Ijumaa, 17 Agosti

Tumeonana na wakili. Ofisi ya msaada wa sheria kwa wasio na uwezo iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Mama Mkubwa alipanda ngazi kwa magongo. Nilikuwa nyuma yake nimekumbatia kitabu, tayari kudakwa naye au kumdaka, sijui.

Wakili Boatemaa ni mdogo kwa umbo, lakini sauti yake ni ya mtu anayeishi juu ya duka la matairi.

"Karibuni. Mama, hujambo?"

"Sijambo, kwa neema ya Mungu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Mama yangu, hapa ndipo mahali pekee mjini ambapo huruhusiwi kuwa mzima. Tuanze upya. Hujambo?"

Mama Mkubwa akafikiri sana. Matairi mawili yalijazwa upepo huko chini.

"Si haba," akasema.

"Tunaelekea," wakili akasema.

Mengine nilieleza mimi. Aliniambia nipaze sauti, nikapaza, akaniambia nianze sasa. Nilipofika kwa karani na simu, nilidhani atatufukuza. Alicheka! Alisema huo si mwisho wa dunia. Tunayo eksirei. Eksirei haijui kusalimiana. Ukiiuliza inasema palipovunjika. Atakwenda hospitali yeye mwenyewe kuomba nakala. Na spika zilizopangwa bila kufungwa ni uzembe wa mwenye spika, apende asipende.

Lakini kuna hatari moja, na hapo hakucheka. Watakuja. Wazee wa Mzee Bempah watakuja nyumbani kuomba msamaha na chupa ya kijani ya pombe kali, kama ilivyo desturi. Hiyo chupa ikifunguliwa, tukanywa pamoja na kusema yamekwisha, basi yamekwisha. Hata mahakama itatuuliza tumefuata nini kwenye jambo tulilokwisha kulinywa. Msamaha tunaweza kuupokea, hakuna anayetukataza. Ila kabla chupa haijafunguliwa isemwe wazi, mbele ya wote: msamaha ni kitu kimoja, matibabu ni kingine.

"Na mama mwenyewe aseme anaumwa. Si wewe, Dufie. Si mjomba wako. Mwenye mguu."

"Nitasema," Mama Mkubwa akasema.

"Jaribu sasa."

Mama Mkubwa akafungua mdomo. Akamuuliza wakili kama ameolewa.


Jumanne, 21 Agosti

Mazoezi. Mimi ni Mzee Bempah. Nimevaa kofia ya Mjomba, inaniziba macho.

"Konadu, hujambo?"

"Sijambo."

"Hapana, Mama Mkubwa."

"Samahani. Uliza tena."

"Konadu, hujambo?"

"Sijambo kidogo."

Nana alituangalia kutoka jikoni kwa dharau. Akapendekeza aseme hivi: mimi ni mzima, ila mguu wangu haupo nami. Tukalijaribu hilo. Mama Mkubwa alicheka mpaka machozi, nikacheka na mimi, kofia ikaanguka kwenye mchuzi.

Baadaye nilimkuta chumbani amekaa kwenye cherehani. Kulikuwa na gauni la mteja juu yake, limekatwa, halijashonwa. Aliweka mguu wa kulia kwenye pedali. Akabonyeza. Uso wake ukawa rangi ya jivu. Sindano ilishuka mara moja tu, ikabaki ndani ya kitambaa.

"Inauma?"

"Kidogo tu, mwanangu. Nenda kasome."

Jasho lilikuwa linadondoka kwenye gauni la watu!

Mjomba amekuja na habari. Wazee wa Mzee Bempah wametuma ujumbe, wanakuja Jumapili baada ya ibada. Ameagiza kitambaa chake kikubwa cha kujitanda kipigwe pasi. Nikamweleza mambo ya chupa, kwa heshima, nikitazama miguu yake. Nilimwona anaumia kwelikweli.

"Isifunguliwe kabisa?"

"Mpaka lile neno lisemwe, mjomba."

"Na nikiishika tu mkononi?"


Ijumaa, 24 Agosti

Mwunga mifupa amekuja kumkagua kuku. Akamfungua vijiti. Kuku akasimama, akajikung'uta, akaruka ukuta, akaingia kwa jirani. Amepona! Watu walipiga makofi. Basi, akasema mzee, mama naye avuliwe vijiti atembee.

Mama Mkubwa akatembea. Alitoka kitandani mpaka mlangoni, anatabasamu kama kwenye ile picha. Alipofika mlangoni alishika fremu na hakuendelea.

"Nyanyua mguu!" Nana akamkaripia. "Kuku mwenzako karuka ukuta!"

"Nakuja, mama."

Hakuja. Nana akamfuata, akainama kumtazama mguu kwa karibu. Umevimba tena, umekuwa na rangi ya biringanya, na kifundo kimetazama upande wake, wala hakisikilizi mguu. Mwunga mifupa akasema huenda kuku alikuwa na damu kali kuliko wenzake. Nana hakumjibu. Hili halijawahi kutokea.

Alipoondoka, Nana aliniita jikoni akaniuliza polepole, kana kwamba anauliza habari za mtu aliyemtukana zamani:

"Hizo skrubu. Zinaingiaje?"

Nikampigia daktari. Amesema kama ni upasuaji basi ni wiki ijayo, asisubiri zaidi, na hospitali inataka malipo ya mwanzo. Kwa hiyo yote ni Jumapili. Sisi hatuna. Mzee Bempah akikubali mbele ya wazee kwamba ni juu yake, wiki ijayo Mama Mkubwa anaingia. Tukinywa ile chupa kwanza, anabaki hivi.


Jumapili, 26 Agosti

Wapo. Wamejaa ua mzima. Naandika nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni, daftari juu ya gunia la mihogo, maana nisipoandika nitatoroka.

Mzee Bempah amevaa kitambaa cheupe, amekaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Karani wake yupo na simu yake. Wazee wawili wa kanisa. Msemaji wao ni mzee mrefu anayeitwa Opanin Gyasi, na kwapani mwake – chupa ya kijani. Mjomba ameiona. Nimeona alivyoiona.

Wameketi. Nimegawa maji. Wamekunywa. Sasa ikawa zamu ya Mjomba kusema yale maneno.

"Huku kwetu," akaanza, akatengeneza kitambaa begani, "ni shwari..."

Nikafumba macho.

"...isipokuwa mguu!"

Ua mzima uliguna! Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kusikia "isipokuwa" mahali pale. Opanin Gyasi alitazama ndani ya bilauri yake kama labda neno hilo limetokea humo. Hata Nana alisema "Ee!" Nilitaka kumkumbatia Mjomba. Kutoka nyuma ya mlango nilimkumbatia.

Opanin Gyasi alijikaza akasema yake. Akasema marefu. Hakuna mwenye nia mbaya, chombo ni chombo, shetani ni shetani. Ndugu yao Bempah hajalala tangu siku ile, wamekuja kupiga magoti. Chupa ikawekwa mezani. Halafu, kwa masikitiko, akasema kwamba hata hivyo mwenyewe dada yao hana neno, na karani akabonyeza simu.

"Huku kwetu ni shwari kabisa. Hakuna baya lolote." Sauti nzuri ya wageni ya Mama Mkubwa. Ua mzima unasikiliza. "Baya litoke wapi, mwanangu?" Kisha wakapitishiana simu wamwone kuku anavyopanda kinu. Wazee wetu sisi wenyewe walikuwa wanatikisa vichwa: kweli, kuku yule mzima.

Mama Mkubwa alitazama chini.

"Dufie!" Mjomba akaita. "Njoo hapa."

Magoti yangu yalikwenda, mimi nikayafuata. Mtoto hasemi mbele ya wazee, nami sikutaka kusema hata mbele ya kuku. Nikamnong'oneza sikioni, sentensi moja niliyoikariri: tunapokea pole, lakini matibabu ni jambo jingine, ni juu ya mwenye spika, na tunalisema kabla chupa haijafunguliwa.

Mjomba akasimama. Ee Mungu! Sentensi yangu ilitoka mdomoni mwake imevaa kama chifu. Alianza na uumbaji. Akapita kwa tembo, akapita kwa marehemu babu yangu na vita alivyopigana, akavuka mto ambao siujui, akaingia kwenye uhuru wa taifa. Lakini nilikuwa nahesabu maneno yangu na yote yalikuwemo! Pole. Matibabu. Mwenye spika. Kabla ya chupa. Alipokaa, mtu mmoja alipiga makofi kwa makosa. Nadhani alikuwa wa upande wao.

Opanin Gyasi akasema wamesikia, maneno ni mazito. Ila mwenye mguu alisema mwenyewe hakuna baya. Sasa wamwamini nani, mjomba au mwenye mguu? Basi wazee wa pande zote waende kando wakamuulize bibi kizee.

Ndivyo wanavyosema wazee wanapotaka kwenda kushauriana. Hakuna bibi kizee huko nyuma ya nyumba, kuna tangi la maji tu. Nana huchukizwa kila mara. "Mimi si nipo hapa?" akasema. "Mnakwenda kumuuliza nani?" Wakamwomba radhi, wakaenda.

Karani naye kaenda. Chupa imebaki mezani. Mzee Bempah amebaki, maana mwenye kosa haendi kwenye mashauri. Mama Mkubwa amebaki, mguu juu ya kigoda. Nana amekaa pembeni amenuna. Mimi nimerudi nyuma ya mlango.

Mzee Bempah anakunja pindo la kitambaa chake, analikunjua.

Sasa anasema. Sauti ya chini, hamtazami.

"Konadu. Lakini wewe hujambo?"

Nimeona midomo ya Mama Mkubwa. Nimeiona kabisa inavyojiandaa, "Si–". Nimebana daftari. Si, si, si!

"Unaniuma," amesema Mama Mkubwa.

Mzee Bempah amegeuka. Nana amegeuka. 

"Mguu unaniuma sana, Mzee Bempah. Hauniachi nikae, hauniachi nilale. Siwezi kushona."

"Oo. Pole, dada. Pole sana." Na akashika mikono ya kiti, kama mtu ambaye sasa ameruhusiwa kuinuka.

"Sijamaliza."

SIJAMALIZA! Mama Mkubwa!

Mzee amekaa tena. Na Mama Mkubwa ameanza. Anakwenda kama anavyompima mteja nguo, kutoka juu kushuka chini, hachanganyi. Kichwa, kinachogonga kila Jumamosi tangu zile spika zihamie mtaani kwetu. Shingo. Bega la kushoto, lililoharibika mwaka ule aliposhonea kwaya nzima majoho na kamati ya kanisa ikamlipa kwa kumwombea. Mwenyekiti wa kamati alikuwa nani, mzee? Mzee Bempah amekumbuka ni nani. Bega la kulia, la magongo. Hasemi kwa ukali. Anasema kwa sauti ileile nzuri ya wageni, anatulia katikati ili asikike, na Mzee Bempah kila mara anaitika "ndiyo" kama yuko kanisani. Ametoa leso. Nana amesogeza kigoda chake karibu na anamkumbusha aliyoyasahau.

Wazee wamerudi. Wamesimama kwenye kona ya nyumba, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna anayethubutu kupita katikati ya maneno ya mtu. Opanin Gyasi amevua kofia. Mjomba amenitazama mlangoni, ameuliza kwa nyusi: tuingie?

Nimemtikisia kichwa. Bado.

Mama Mkubwa yuko kiunoni, anateremka.